Hivi kwa nini mashairi ya kale kabisa ya Kiingereza ni kilio kitupu? Si ndio haohao walioshinda?

#1 MsomiNjaa
Wakuu, heshima kwenu.

Kuna jambo linanikosesha usingizi. Warumi waliiacha Britania mwanzoni mwa karne ya 5, mwaka unaotajwa sana ni 410. Nyuma yao wakaingia Waangli, Wasaksoni na Wajuti kutoka pwani za Ujerumani ya kaskazini na Denmark ya leo. Wakawapiga wenyeji, yaani Wabritoni, wakachukua ardhi, na lugha waliyokuja nayo ndiyo hii tunayoilipia ada watoto wetu waijue.

Sasa mtu aliyepora nchi nzima unategemea aimbe majigambo. Wapi! The Wanderer: jamaa kamzika bwana wake, anapiga makasia kwenye bahari ya barafu hana pa kwenda. The Seafarer: njaa, baridi, na milio ya ndege wa baharini badala ya vicheko vya watu. The Ruin: mtu kasimama mbele ya magofu. The Wife's Lament: mke katupwa kwenye shimo chini ya mwaloni. Deor: malenga kanyang'anywa kazi na malenga mwenzake. Hata Beowulf, shairi la shujaa, linaanza na mazishi na kuishia na mazishi.

Dai langu: hawa ni wahamiaji, wanalilia kwao walikotoka. Anayepinga alete hoja.

#2 Mchokozi255
Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu. Twendeni.

#3 TichaWaZamu
Mkuu, hesabu zinakukataa. Bede, mtawa aliyeandika historia ya kanisa la watu hao mwaka 731, anaweka kuja kwao kwenye mwaka 449. Kitabu cha Exeter, hati ya kale ambamo hayo matano yote yamo (Beowulf halimo), kilinakiliwa nusu ya pili ya karne ya 10. Hapo katikati pana miaka 500. Nani analilia kijiji alichohama babu wa babu wa babu yake? Na hakuna kati ya hayo matano linalotaja Saksoni au Jutland kama nyumbani. Yule wa The Wanderer anamlilia bwana wake, ukumbi wa karamu na wenzake waliouawa.

Jibu langu ni rahisi: kalamu ilikuwa mikononi mwa watawa, na kazi ya mtawa ni kukukumbusha kwamba dunia inapita. Soma mwisho wa The Wanderer: heri anayetafuta rehema kwa Baba wa mbinguni, maana huko ndiko kwenye uthabiti. Ni mahubiri yaliyovishwa simanzi.

#4 JiraniWaNairobi
Kwani hii ndiyo ile lugha ya Shakespeare? Ilitutesa sana sekondari.

#5 TichaWaZamu
Hapana jirani. Shakespeare alifariki 1616, na Mwingereza wa leo anamwelewa kwa kusukumasukuma. Hii ya akina Deor hata mwenye digrii yake haisomi bila kufundishwa. Nomino zina jinsia tatu na miisho yake inabadilika kufuatana na kazi yake kwenye sentensi. Katika lugha hai, ndugu yake wa karibu ni Kifrisia, huko Uholanzi na Ujerumani.

#6 Kipanga_wa_Amu
Assalaam aleikum jamani. Ticha kasema kweli, nami nitamwongezea mzigo. Sisi tuliokulia Lamu tunalijua jambo hili bila kwenda Exeter. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi mwanzoni mwa karne ya 19 akiutazama mji wa Pate ulivyoporomoka. Wako wapi matajiri wenye taa na vyombo vya kaure? Nyumba tupu, makinda ya popo yananing'inia juu. Na anayeambiwa hayo yote ni moyo wake mwenyewe, utubu. Kwa hiyo machozi si shabaha. Machozi ni njia ya kukufikisha kwenye toba. Msomi Njaa umeyachukulia machozi kama habari ya kabila lao, kumbe ni waadhi.

#7 MamaNtiliePhD
Nyie wanaume mnapenda mahubiri. Sasa nisikilizeni mimi.

Kwenye The Wanderer kuna mahali mtu amelala, uchovu umemchukua. Anaota yuko na bwana wake: anamkumbatia, anambusu, anaweka mikono na kichwa juu ya magoti yake kama zamani alipokuwa akipokea zawadi mbele ya kiti. Anazinduka. Anaona mawimbi ya kijivu, ndege wa baharini wanaoga na kutandaza mabawa, theluji inaanguka imechanganyika na mvua ya mawe. Hapo majonzi yanarudi mapya. Niambieni mtawa wa mahubiri kahitaji wapi wale ndege wanaooga?

Jamii ile ilimbeba mtu kupitia bwana. Bwana ndiye anayekupa pete za dhahabu, upanga, nafasi kwenye benchi la ukumbini, na ukiuawa kuna wa kudai fidia yako. Bwana akifa nawe ukabaki hai, wewe si mtu wa mtu yeyote. Hakuna polisi, hakuna mahakama ya kukimbilia. Kwa hiyo kilio hiki ni cha mtu aliyepoteza ulinzi, jina na chakula kwa siku moja. Deor ndivyo alivyo: alikuwa malenga wa ukoo wa mtawala, akaja Heorrenda, fundi wa nyimbo, akapewa shamba ambalo Deor alikuwa kapewa. Anajifariji kwa visa vya waliopata tabu zaidi, na kila kisa anakifunga kwa maneno yaleyale: lile lilipita, na hili laweza kupita.

Mliowahi kupunguzwa kazini mnanielewa.

#8 Mchokozi255
Mama, Heorrenda ndiye yule kijana mpya anayekuja ofisini na suruali ya kubana, mwezi mmoja kashakuwa bosi wako. Namjua.

#9 Mjukuu_wa_Chifu
Turudi kwenye #1. "Wakawapiga wenyeji" ni habari ya upande mmoja. Anayeisimulia hivyo mapema zaidi ni Gildas, karne ya 6, naye alikuwa Mbritoni anayewakaripia wenzake kwa dhambi zao. Bede akachukua kwake, akaongeza Hengist na Horsa, viongozi wawili wa wavamizi, ambao Gildas hawataji kwa majina. Kwa muda mrefu wanaakiolojia walikuja kuona kwamba huenda walioingia walikuwa wachache tu wenye mapanga, wenyeji wakaiga lugha na mavazi. Halafu mwaka 2022 ukatoka utafiti wa vinasaba kwenye jarida la Nature, wa mifupa ya makaburi ya zama zile: mashariki na kusini mwa England, takriban robo tatu ya nasaba ya watu ilitoka ng'ambo, bara la Ulaya ya kaskazini. Kwa hiyo watu walihama kweli, familia nzima nzima. Hapo Msomi Njaa anapata pumzi kidogo.

#10 JiraniWaNairobi
Vinasaba na lugha ni vitu viwili. Utafiti wa mwaka 2023, jarida hilohilo, ulipima mifupa ya watu wa miji ya kale ya pwani yetu. Upande wa akina mama karibu wote ni Waafrika, upande wa akina baba sehemu kubwa Waajemi, mchanganyiko ulianza kama mwaka 1000. Lakini lugha ikabaki ya Kibantu. Wageni walioa hapa na watoto wakaongea lugha ya mama. Kule Uingereza ikawa kinyume. Kwa hiyo swali la maana ni kwa nini Wabritoni waliacha lugha yao.

#11 Mjukuu_wa_Chifu
Swali zuri, na majibu yanagongana. Maneno ya Kikelti ndani ya Kiingereza ni machache mno. Yaliyobaki kwa wingi ni majina ya mito kama Thames na Avon. Wengine wanasema hiyo ni dalili kwamba wenyeji walifukuzwa au walidharauliwa kiasi kwamba hakuna aliyetaka kuazima neno kwao. Wengine, mwanaisimu John McWhorter mmojawapo, wanasema usitafute kwenye msamiati, tafuta kwenye sarufi: ile "do" inayojipachika kwenye maswali na makanusho haipo kwa ndugu zake Kijerumani na Kiholanzi kwa namna hiyo, lakini Kiwelishi, mtoto wa lugha ya Wabritoni, kina kitu cha kufanana nayo. Wapinzani wao wanajibu kwamba "do" hiyo inaonekana kwenye maandishi kwa kuchelewa mno, mamia ya miaka baadaye. Mimi sijaegemea popote.

Halafu kuna Waviking, wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia. "They", "sky", "knife", hata "law", vyote vimetoka kwao. Lugha kuazima "they" kwa mtu aliyekuja kukuchomea nyumba si jambo dogo.

#12 BabaWatatu
Asante kwa somo. Swali la mtu wa kawaida: hivi walioshindwa, hao Wabritoni, wao hawakulia?

#13 Mjukuu_wa_Chifu
Walilia, na kwa uzuri wa kutisha. Tafuta mashairi ya Kiwelishi ya Heledd. Ni binti wa ukoo wa watawala wa Powys, ufalme wa Wabritoni, kaka yake Cynddylan kauawa, naye anauzunguka ukumbi wake: ukumbi wa Cynddylan una giza usiku huu, hauna moto, hauna kitanda. Beti baada ya beti ukumbi ni uleule, kinachobadilika ni kilichokosekana. Weka hilo kando ya The Wanderer uone kama utajua nani mshindi na nani mshinde.

#14 MsomiNjaa
Hilo la Heledd linanivunja miguu, nakiri. Lakini pia linamvunja Ticha. Kama ni mahubiri ya watawa, mbona huyo binti hahubiri?

#15 NesiWaBristol
Habari za huko nyumbani. Nafanya kazi ya uuguzi huku, na Bath iko jirani tu kwa treni. Wengi wanaamini The Ruin linaizungumzia Bath, kwa sababu linataja mabafu na kijito cha maji ya moto kilichozungukwa na ukuta. Yale maji bado yanatoka ardhini leo, nyuzi joto 46, na mvuke wake unauona asubuhi ya baridi. Nilikwenda siku yangu ya mapumziko baada ya zamu mbaya ya usiku.

Kilichonishangaza ni hiki. Malenga anasema waliojenga ni majitu. Wasaksoni walijenga kwa mbao na udongo. Mawe yale yalikuwa ya Warumi na paa lilikuwa limeshadondoka. Kwa hiyo hakuwa analilia jengo lake, wala la babu yake. Anasimama kwenye nchi iliyojaa kazi za watu ambao hakuna anayejua tena zilifanywaje. Kipanga, Sayyid Abdalla aliilia Pate ya watu wake, wa damu. Huyu wa Bath analilia nyumba ya mtu asiyemjua. Mimi naona ni vilio viwili tofauti.

Na utamu ni kwamba ukurasa wenyewe wa The Ruin umeunguzwa na moto, mistari inakatika katikati. Shairi la magofu nalo gofu.

#16 Mchokozi255
Dada, hilo la mwisho kila aliyesoma shairi hilo hulisema. Faini: lete picha.

#17 TichaWaZamu
Marekebisho kwa wanaochanganya: moto ulioharibu Kitabu cha Exeter si ule wa tarehe 23 Oktoba 1731. Ule ulikuwa London, Ashburnham House, nao ndio uliounguza kingo za hati pekee ya Beowulf. Hiki cha Exeter hakijahama. Askofu Leofric, aliyefariki 1072, alikiachia kanisa lake, na kwenye orodha ya vitu vyake kimeandikwa tu kuwa ni kitabu kikubwa kimoja cha Kiingereza chenye mambo mbalimbali yaliyotungwa kwa mashairi. Baadaye mtu akakitumia kama ubao wa kukatia, alama za kisu zipo mpaka leo, na mwingine akaweka chombo chenye majimaji juu yake kikaacha duara.

Dada Nesi, la majitu nimelipenda. Ila wapo pia wanaodai ni Chester, si Bath.

#18 Fundi_Saa
Mimi si msomi, ni mtu wa tungo. Nimejaribu kuuleta hapa ule mstari wa The Wanderer wa "yuko wapi":

*Yu wapi yule farasi, yu wapi yule kijana,*
*Yu wapi mwenye nafasi, mgawaji wa hazina,*
*Viti vya karamu basi, vyote havipo, hakuna,*
*Usiku umefunika, kana kwamba havikuwa.*

#19 Kipanga_wa_Amu
Mizani imetimia, hongera. Lakini "mwenye nafasi" umemwita kwa ajili ya kina, usitufiche. Hiyo "basi" nayo imedandia.

#20 Fundi_Saa
Shehe wewe ni mkali kuliko Heorrenda.

#21 TichaWaZamu
Tena wao kwa kawaida hawakuwa na vina vya mwisho. Mstari ulikuwa na ukwapi na utao (nusu ya kwanza na nusu ya pili) kama wetu, katikati kuna pumziko, lakini kilichouunganisha ni sauti ya mwanzo ya maneno yenye mkazo. Jaribu: "mkiwa mawimbini, mbali na mjomba". Mkazo mara mbili ukwapini, mara mbili utaoni, na sauti ya "m" ndiyo gundi. Ndiyo maana tungo zao ziliweza kukaa kichwani bila karatasi. Caedmon wa Whitby, mchunga ng'ombe wa karne ya 7, hakujua kusoma kabisa, na Bede anasema alifundishwa kuimba ndotoni.

#22 BabaWatatu
Niseme langu. Miaka ya sabini familia yetu ilihamia kijiji kipya, mimi nikiwa mdogo. Kule tulikotoka pakabaki mahame. Marehemu bibi yangu alikuwa akienda kuni anapita makusudi kwenye mahame yale, anarudi na wimbo. Wimbo wenyewe haukutaja kuhama hata siku moja. Ulitaja mwembe, jiwe la kusagia, na jirani mmoja aliyekuwa akicheka sana. Wala hakuwa akihubiri. Kijiji kipya kilikuwa na shule na zahanati, naye alikiri ni pazuri zaidi.

Kwa hiyo mkuu Msomi Njaa, mtu anaweza kupata nchi bora na bado akalia. Sijui kama inachukua miaka 500, lakini mimi sikuuona ule mwembe vizuri na wimbo ninao.

#23 MsomiNjaa
Baba Watatu, ubarikiwe. Nimefufuka kwenye uzi wangu mwenyewe.

#24 Mjukuu_wa_Chifu
Usifufuke haraka. Kuna maelezo ambayo hakuna aliyeyagusa: hawakuwa wanakumbuka, walikuwa wanaona kwa macho. Monasteri ya Lindisfarne ilivamiwa na Waviking mwaka 793. Mfalme Alfred, aliyefariki 899, anaandika kwamba anakumbuka makanisa yalivyojaa vitabu na hazina kabla ya kila kitu kuporwa na kuchomwa, na kwamba alipotwaa ufalme ilikuwa shida kumpata upande wa kusini wa mto Humber mtu wa kutafsiri barua ya Kilatini. Mwaka 991 Byrhtnoth, kiongozi wa jeshi la Waingereza, akauawa vitani Maldon, na mwaka huohuo Waingereza wakalipa pauni 10,000 ili Waviking waondoke. Wakarudi, bila shaka. Kitabu cha Exeter kilinakiliwa katika karne hiyo. Ukumbi uliochomwa ulikuwa wa jana.

#25 TichaWaZamu
Kunakiliwa si kutungwa. Tungo yaweza kuwa na umri mara mbili ya karatasi.

#26 MamaNtiliePhD
Na mimi nina la kuchokonoa. Hizo "The Wanderer" na "The Wife's Lament" si majina ya watunzi. Kwenye hati hakuna vichwa. Wahariri wa zama zetu ndio waliozibatiza, na ndio waliozikusanya kwenye kapu moja la maombolezo. Kitabu hichohicho kina vitendawili zaidi ya 90! Kimoja: nimesimama wima kitandani, chini nina manyoya, binti wa mkulima ananishika kwa nguvu, kisha jicho lake linalowa. Mimi ni nani?

#27 Mchokozi255
Moderator uko wapi, watoto wanasoma humu.

#28 NesiWaBristol
Kitunguu jamani! Mchokozi una akili chafu.

#29 MamaNtiliePhD
Ndiyo hoja yangu. Watu wa kitunguu hicho hawakuwa wanalia mchana kutwa. Sisi tumechagua vilio tukaviita roho ya taifa lao. Kuna kingine cha nondo aliyekula maneno ya mtu mwenye hekima na asipate akili hata kidogo. Nakituma kwa wote wanaojibu uzi bila kusoma.

#30 Fundi_Saa
Mimi naona hasara kubwa ilikuja baadaye, mwaka 1066. Wanormani walipoingia, wakubwa wakawa wanaongea Kifaransa, na lugha hii ya tungo ikakosa wasomaji taratibu. Niliwahi kusoma habari za mwandishi mmoja wa Worcester, karne ya 13, mkono wake ulikuwa unatetemeka na hati zake zinatambulika kwa mtetemeko huo. Alipita kwenye vitabu vya Kiingereza cha kale karibu 20, akiweka maana ya neno moja moja kwa Kilatini, maelfu kwa maelfu. Jina lake halijulikani. Miaka 150 tu baada ya Wanormani, lugha ya babu zake ilihitaji mkalimani.

#31 JiraniWaNairobi
Bibi yangu alinisimulia hadithi kwa lugha ambayo wanangu hawaijui. Sihitaji Wanormani.

Lakini Mama, lile fupi la mistari 19 humohumo kitabuni, Wulf and Eadwacer, la yule mwanamke na Wulf, uliweke kapu gani? "Wulf yuko kisiwa kimoja, mimi kingine." Nimelisoma mara nyingi na sijui nani mume.

#32 TichaWaZamu
Wahariri wa kwanza walidhani ni kitendawili, kwa hiyo usijilaumu. Msomo wa kawaida: Wulf ni mpenzi aliyefukuzwa, Eadwacer ni mume au mlinzi wake. Wapo wanaosema ni mama anayemlilia mwanawe. Kisha kuna ule mstari wa mwisho-mwisho, "kitoto chetu kinabebwa msituni na mbwamwitu", ambao unaweza kuwa mbwamwitu kweli au Wulf mwenyewe, kwa sababu "wulf" ndilo neno lao la mbwamwitu, na hati haitofautishi jina la mtu na la mnyama.

#33 Mchokozi255
Ngoja. Kitoto cha nani?

#34 TichaWaZamu
Cha Eadwacer. Ndiye anayesemeshwa pale, amemwita kwa jina, "chetu" ni yeye na huyo mwanamke.

#35 MamaNtiliePhD
Ticha, mwanamke aliyekasirika kiasi hicho akimwambia mume "mtoto wetu", anamchoma. Mtoto ni wa Wulf na Wulf amekuja kumchukua. Rudia kusoma.